Pampu ya Kandambili

Nyumba nyingi za Tabora zina juu tu. Ya akina Bi Zamda, pale Gongoni, ina juu na chini. Ukiingia uani na kulipita jiko, utakuta mlango mfupi unaomlazimisha hata mwenye kiburi ainame, na nyuma yake ngazi za mawe zinashuka hadi kwenye chumba kikubwa kilichochimbwa enzi za misafara. Ukoo unakiita handaki. Lilichimbwa kwa ajili ya nini, inategemea unamuuliza nani. Bi Zamda aliambiwa na bibi yake kwamba zililazwa humo pembe za ndovu zikisubiri wapagazi wa kwenda pwani. Mussa, mdogo wake, anasema ilikuwa chumvi ya Uvinza. Mzee Samweli, jirani wa nyumba ya tatu, anasema alilichimba Mnyamwezi mmoja aliyekuwa akimkimbia mkewe. Akachimba hadi akachoka, mke akawa anamteremshia ugali kwa kamba, mwisho wakapatana humo humo na ukoo ukaanzia hapo.

Miaka hii handaki lilikaa asali. Bi Zamda alikuwa akiinunua kwa warina asali wa Kigwa na Usoke, akiichuja kwa kitambaa, akiijaza kwenye ndoo na kuishusha chini. Kule chini palikuwa na ubaridi wa mtungi mwaka mzima. Asali ukiilaza chini ya bati mwezi wa kumi, jua likipiga, inageuka rangi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na wateja wa Dar es Salaam wanaijua kwa macho kabla hawajaionja. Yake haikuwahi kugeuka, wala haikuwahi kuonja sukari ya dukani. Jina lake lilikuwa limesimama juu ya mambo hayo mawili.

Sasa mambo yameingia maji. Mwaka juzi handaki lilitoa jasho ukutani. Mwaka jana maji yakafika kifundo cha mguu. Mwaka huu, Februari haijaisha, Bi Zamda aliposhuka na tochi ya simu mdomoni na ndoo kila mkono, ngazi ya mwisho hakuiona kabisa. Aliikanyaga kwa kukumbuka, na maji yakampanda hadi nusu ya muundi.

Alimpigia Mussa, si kwa kupenda. Nyumba ni ya urithi, ya wote wawili.

"Dada, hilo shimo nalijaza," Mussa akasema kutoka Mbagala, hata bila kumaliza salamu.

"Unalijaza nini?"

"Kifusi. Mwisho wa mwezi wa tatu naja, natafuta tipa hapo hapo Isevya, tunamaliza. Maji yanakula msingi. Nyumba ikiketi, dada, itakuketia wewe, si mimi niliyeko huku."

"Na asali yangu?"

"Utapewa chumba cha uani."

"Cha bati."

Mussa akakohoa. "Pale mbele tunaweza kutoa na fremu mbili za maduka. Sijasema lazima. Nasema tunaweza."

Bi Zamda alikata simu akajua hana la kubishia. Mtu hawezi kutetea handaki huku sketi imelowa. Lazima likauke kabla Mussa hajaja. Lisipokauka, litazikwa, na jina la asali yake litazikwa nalo.

*

Mzee Samweli hakuitwa. Alisikia tu, kama asikiavyo kila kitu cha Gongoni, akaja na kofia yake ya reli na bisibisi mfukoni. Huyu alikuwa Mgogo wa Bahi aliyeletwa Tabora na kazi ya treni, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Karatasi zake zinasema alikuwa mtunza bohari. Mdomo wake unasema alikuwa dereva, fundi mkuu, na siku moja pale Tura alilisukuma behewa peke yake kwa bega kwa sababu lilikuwa limebeba mama mjamzito. Ufundi alijifunza mwenyewe kwa kufungua vitu vya watu. Vingine mpaka leo viko wazi.

Akasimama juu ya ngazi akachungulia. "Mtani, nasikia umepata bahari."

"Nimepata. Shuka utoze hongo ya njia, ndiyo kazi yenu."

"Babu zako walipita kwetu wakilia kata moja ya maji, tukawapa kwa kitambaa na shanga. Leo Mungu kawaletea mpaka chumbani, mnataka kuyamwaga. Wabeba mizigo hamridhiki."

"Kwenu kwenyewe mvua ikinyesha mnaikimbia, mnadhani ni vita."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana miaka yote. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ikipita Ugogo, na mtani hasalimiwi kwa adabu, atadhani amekukosea. Baada ya hapo Mzee Samweli alikunja suruali, akashuka, akatupa njiti ya kiberiti juu ya maji. Wakaitazama wote wawili. Njiti ilikaa, ikafikiri, ikaanza kusogea pole pole kutoka ukuta wa uani kwenda katikati.

"Umeona?" akanong'ona. "Yanatembea."

Bi Zamda aliona. Alikuwa ameyachukia maji yale tangu mwaka juzi. Ndiyo kwanza siku hiyo akayatamani, kwa maana ya kutaka kujua yanatoka wapi.

Pampu ilianza kutengenezwa kesho yake. Mzee Samweli alisema za dukani ni za watu wasio na akili. Kwenye pembe ya chini kabisa ya handaki walichimba shimo, wakatumbukiza ndoo kubwa aliyoitoboa pande zote kwa msumari wa moto, wakaizungushia kokoto ili tope lisiingie. Maji yakusanyike humo kwanza, alisema, kama abiria stesheni. Kisha akasimamisha bomba la plastiki kutoka ndani ya ndoo ile hadi kwenye tundu la hewa lililotazama barabarani. Ndani ya bomba akapitisha kamba ndefu iliyofungwa mviringo, na kwenye kamba, kila baada ya shubiri moja, kisahani cha duara alichokata kwa wembe kutoka kwenye kandambili kuukuu. Kamba ikizunguka juu ya ringi ya baiskeli, kila kisahani kinapanda na tonge lake la maji. Juma zima hilo, Gongoni watu waliingia msikitini na macho yao kwenye viatu.

Kilichobaki ni cha kuizungusha ringi. Akaleta mota ndogo iliyofungwa kwenye kitenge, hakusema imetoka wapi. Na ili pampu ijiwashe yenyewe, akaweka dumu tupu ndani ya shimo, likashikishwa fimbo, na fimbo ikaelekezwa kwenye swichi ya taa ukutani. Maji yakipanda dumu linaelea, fimbo inabonyeza, pampu inaamka. Yakishuka, inalala.

Mara ya kwanza iliamka vibaya. Kamba iliruka kwenye ringi, ikampiga Mzee Samweli kofi la tope, na bomba likatema maji yote darini. Mara ya pili visahani vilikwama kwa kuwa kandambili moja ilikuwa nene kuliko wenzake.

"Hii ya nani?" akauliza akiitoa.

"Ya imamu," Bi Zamda akasema. "Irudishe."

Mara ya tatu ringi ikazunguka, kamba ikaimba ndani ya bomba, na kule juu barabarani wakasikia maji yakianguka mtaroni. Bi Zamda aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu. Ni wakati huo huo mlangoni akainama Asnath, mke wa Mzee Samweli, aliyekuwa akiuliza nani ameiona mota ya cherehani yake. Aliifuata sauti kwa macho, akaiona ikizungusha ringi.

"Kumbe ina nguvu hivyo," akasema. "Kwangu ilikuwa inagomea jinzi."

*

Tatizo ni kwamba haikulala. Iliamka asubuhi, ikaimba mchana, ikaimba jioni, ikamaliza yuniti za umeme za Bi Zamda, naye akanunua nyingine, ikazimaliza na hizo. Sakafu ikaonekana kidogo, kisha umeme ukakatika, na alipotoka kuswali adhuhuri maji yalikuwa yamerudi mahali pake kama mpangaji aliyesahau kofia.

"Hayaishi," akamwambia Mzee Samweli.

"Yataishaje? Hilo ni Ziwa Tanganyika. Mimi pale Tura niliwahi kudondosha ndoo kisimani. Nikaenda Kigoma likizo, nikaikuta inauzwa sokoni, na migebuka ndani."

"Na wewe ukainunua."

"Ilikuwa ndoo yangu."

Kila mtu alikuwa na asili yake ya maji. Bi Najiat wa nyumba ya mbele, ambaye haulizwi jambo akakosa jibu, alisema ni bomba limepasuka chini kwa chini, kwa sababu tangu maji ya Ziwa Viktoria yaletwe Tabora presha imekuwa ya kutisha. Watu wengine walisema ni mvua tu. Bi Zamda aliwasikiliza wote. Halafu akafanya jambo analolifanya na kila ndoo ya asali inayomfikia kabla hajakubali kuinunua. Alichota kwa kiganja, akanusa, akatia ulimi.

Mzee Samweli alikunja uso. "Mtani, hayo yameosha kandambili za mtaa mzima."

"Nyamaza kwanza."

Akapanda, akaonja ya bomba. Akaonja ya mvua kwenye karai. Akashuka tena. Ya bomba yana harufu ya dawa, hata ukiyalaza. Ya mvua hayana lolote, ni kama kuonja hewa. Haya ya handaki yalianza na ukakasi wa mbali, kama ulimi umegusa msumari, kisha nyuma yake ukaja utamu mdogo uliochelewa. Alifumba macho. Alikuwa anaijua ladha hii. Si ya juzi wala ya jana. Ilikuwa ladha ya chai ya bibi yake, kabla haijatiwa sukari.

Akatoka uani bila kuvaa viatu. Pale penye kivuli, ukutani mwa handaki hasa, limesimama tangi la plastiki la maji ya bomba. Tangi limekaa juu ya mfuniko wa zege. Na mfuniko wa zege umekaa juu ya kisima.

Lilimwagwa tangi, likabingirishwa. Mfuniko ulihitaji mtaimbo, Mzee Samweli, Asnath, na maneno ya Bi Najiat. Ulipofunguka Bi Zamda aliinama, na uso wake mwenyewe ukamtazama kutoka karibu mno. Akaingiza mti wa ufagio. Ulilowa.

Alirudi nyuma akaketi juu ya jiwe la kufulia. Alipokuwa msichana, ukidondosha ndoo kisimani humo unamaliza ubeti mzima wa wimbo ndipo unasikia maji. Kamba ilikuwa ndefu hadi wasichana waliiruka wakiwa mistari mitatu kwa wakati mmoja.

"Bi Najiat," akaita. "Mara ya mwisho wewe kuchota hapa lini?"

"Mimi? Tangu bomba la Ziwa lifike sijagusa kamba. Nani ataumwa mgongo na koki iko mlangoni?"

"Na wenzako?"

"Wenzangu nani asiye na koki?"

Bi Zamda akanyanyua kidole taratibu, akakielekeza kwenye ukuta wa handaki, kisha kwenye mdomo wa kisima. Hatua chache tu kati yake. "Tulikuwa tunakikamua," akasema. "Gongoni yote, alfajiri na jioni, miaka na miaka. Ndiyo maana chini kulikuwa kukavu. Tulipoacha, maji yakapanda, yakatafuta pa kukaa. Pampu ilikuwepo. Pampu ilikuwa sisi."

Mzee Samweli alionekana kuumia, kwa sababu ilikuwa habari kubwa na si yeye aliyeitunga.

"Kwa hiyo nimefunga pampu shimo lisilo lake," akasema.

"Umeifunga vizuri, shimo lisilo lake."

Wakiwa katika kupanga namna ya kuihamisha, honi ikalia barabarani. Ilikuwa tipa, imejaa kifusi, na juu ya ngazi yake ya mlango amening'inia Mussa. Amepata lifti ya kutoka Dar es Salaam, amekuja mapema.

*

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mussa, sikiliza kwanza. Nimejua maji yanatoka wapi."

Akamweleza yote, ya njiti, ya ladha, ya kamba ndefu na ya koki. Mussa alisikiliza akitazama kisima, tangi lililolazwa, kandambili zilizokatwa zilizotapakaa uani, na bomba linalotoka ukutani kama mkonga wa tembo.

"Haya maneno ni yako au ya Mzee Samweli?"

"Yangu."

"Yanafanana na yake."

Hapo Bi Zamda alizitazama kandambili zile. Ukweli wake ulikuwa umevaa nguo za mtu mwingine. Mussa hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimshika dada yake bega, akasema tipa amelipata kwa hisani, dereva ana safari nyingine, na yeye halali usingizi akiwaza ukuta ule. Vijana wanne wa koleo waliokuja na tipa wakaanza kupandisha ndoo za asali. Wakazipanga juani, mstari mmoja mrefu. Bi Zamda akawa anazifunika kwa khanga, khanga zikaisha, akaanza kuzifunika kwa mikeka. Huko mbele tipa likainua mgongo na kumwaga kifusi chote mlangoni, kwa sababu dereva hakuwa na subira ya kusikiliza hadithi za visima, likaondoka.

Kijana wa kwanza alishuka handakini na karai la kifusi, akapanda nalo vile vile limejaa.

"Kuna mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Amelala."

Wote wakaenda kuchungulia. Katikati ya handaki, juu ya mbao mbili zilizowekwa juu ya matofali, maji yakimpita chini, alikuwa amelala Mzee Samweli. Mikono kifuani, macho yamefumbwa, kofia ya reli juu ya tumbo, kitenge cha Asnath kimemfunika hadi kidevuni.

"Mzee, toka," Mussa akasema.

"Hapa pamefiwa," Mzee Samweli akajibu bila kufumbua macho. "Mnamzika handaki, mzee wetu. Na mtani wa marehemu ameingia kaburini. Mnajua utaratibu."

Vijana wa koleo waliangua kicheko, na mmoja wao, Mnyamwezi wa Usoke, akaweka koleo chini kabisa. Alikuwa ameona mazishi ya kutosha. Mtani akishaingia kaburini, hapana mtu wa kutupa udongo hadi anunuliwe atoke. Na aliyefiwa haruhusiwi kukasirika.

"Mzee, mimi sina mchezo leo."

"Hata marehemu hana."

"Nitakupa soda."

"Soda ya nini, nami niko ndani ya maji?"

"Nitakubeba."

"Nibebe. Kubeba ndiyo kazi yenu, na mpaka pwani mnakujua."

Bi Najiat, aliyekuwa amekaa juu ya ngazi kama yuko jukwaani, alicheka hadi ushungi ukamvuka. Mussa aliangalia huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Angekasirika, kesho Tabora nzima ingeambiwa kwamba Mussa wa Gongoni, baada ya kukaa Dar es Salaam, amemkasirikia mtani kaburini. Angelisikia hilo hadi siku yake mwenyewe ya kuzikwa.

"Sema bei," akasema kwa unyonge.

Mzee Samweli akafumbua jicho moja. Hakumtazama Mussa. Alimtazama Bi Zamda, akamwachia nafasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwachia mtu nafasi ya kusema.

"Bei yake ni hii," Bi Zamda akasema. "Hadi Ijumaa kisima kichotwe. Mtaa wote, kama zamani. Pampu tutaihamishia huko nayo isaidie. Ijumaa ukikuta handaki lina maji, nitakushikia karai mimi mwenyewe."

"Na wa kuanza kuchota awe yeye," maiti ikaongeza, "na suruali hiyo hiyo ya Dar."

*

Walichota. Bi Najiat alileta mazulia yake yote, na alipoyamaliza akaomba ya jirani. Wapiga matofali wa bondeni walikuja na mapipa kwenye mkokoteni. Vijana wa bodaboda waliosha pikipiki zisizo na uchafu. Pampu ya kandambili iliimba umeme ukiwapo, na ukikatika ilizungushwa kwa mkono, Asnath akilalamika kuwa mota yake sasa inajua kazi zote isipokuwa kushona. Mussa alichota akatoka malengelenge viganjani, akafunga kitambaa, akachota tena. Jumatano hakukuwa na badiliko lolote, na Bi Zamda hakula. Alikuwa akiwaza kwamba labda ulimi umemdanganya, kwamba amewasumbua watu wa Mungu kwa sababu ya chai ya utotoni.

Alhamisi, kuelekea magharibi, Mussa alidondosha ndoo ikabaki ikining'inia hewani. Akaitikisa. Akainama kuchungulia.

"Dada," akasema, "leteni kamba nyingine tuunge."

Ijumaa baada ya swala walishuka wawili tu. Sakafu ilikuwa na madoa meusi ya unyevu, kama nguo iliyokaribia kukauka, lakini maji ya kusimama hayakuwepo. Lile shimo la pembeni lilikuwa na tope tu chini ya kokoto. Mussa aliligusa jiwe la ukuta, akanusa vidole.

"Waliwezaje kujua, hao waliochimba? Kisima hapa, handaki hapa."

"Labda hawakujua," Bi Zamda akasema. "Msafara umefika, watu mia kadhaa wana kiu. Walikuwa wanakunywa tu."

Mussa alikaa kwenye ngazi na kulitazama handaki, na kwa mara ya kwanza Bi Zamda aliona analitazama kama mtu anayetaka kuuliza, siyo kama mtu anayetaka kujaza. Kifusi alikitandaza mwenyewe kwenye mashimo ya barabara mbele ya nyumba. Lakini alipokuwa akiondoka alisema wazi: "Mvua za mwakani nikikuta maji humu, dada, sitasikiliza maiti."

Ndoo za asali zikarudi chini. Na watu, kwa kuwa Ijumaa imepita na mchezo umekwisha, wakarudi kwenye koki zao.

Bi Zamda alijua hilo lingetokea. Pampu peke yake haikutosha, visahani vilikatika kila wiki na kandambili za Gongoni zilikuwa zimekwisha. Maji yakawa yanapanda tena, na kamba ya kisima ilianza kufupika. Alikuwa ameketi uani akiwaza nani wa kumbembeleza, ndipo akaingia mwanamke asiyemjua, na ndoo kichwani. Kutoka Cheyo. Nyuma yake wengine wawili, wa Ng'ambo. Kesho yake wakaja zaidi, mmoja kashuka kwenye treni ya Kigwa na madumu mawili. Walikuwa wakichota na kunong'onezana.

Alimfuata Mzee Samweli barazani kwake. "Umesema nini stesheni?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Kwamba ukichemsha maharage kwa maji ya kisima hicho, yanaiva kabla mkaa haujashika vizuri. Na wapagazi walioyanywa walifika Bagamoyo hawajatua mzigo." Akafikiri. "Hilo la mume kuwahi kurudi nyumbani si langu. Ni la Asnath."

"Mimi siuzi uongo, mtani."

"Huuzi. Unawagawia maji bure. Uongo nimeutoa mimi, sadaka."

Jumamosi uani kulikuwa na foleni. Yule mwanamke wa Cheyo alishusha ndoo yake akasema mbele ya wote, "Bi Zamda, wewe asali yako tunaijua, hudanganyi watu. Eti ni kweli haya ya maharage?"

Kamba ikasimama. Mzee Samweli, aliyekuwa akijifanya anafunga skrubu ya pampu, aliinamisha kichwa.

"Sijui," Bi Zamda akasema. "Nilicho na uhakika nacho ni kimoja. Nyinyi mkiacha kuchota, maji yanaingia chini kwangu na asali yangu inakosa pa kulala. Ya maharage sijawahi kupima."

Akaona nyuso zikisita. Mmoja akaanza kuinua ndoo yake tupu. Na hapo Bi Zamda akagundua kuwa yeye mwenyewe anataka kujua.

"Leteni majiko mawili," akasema.

Maharage ya mfuko mmoja yaligawanywa kwa kikombe. Sufuria moja maji ya koki, nyingine ya kisima, mkaa sawa kwa sawa, Bi Najiat akiwa mwamuzi kwa kujiteua. Watu hawakuondoka. Waliokuwa wamekwisha kuchota wakaona heri wachote tena kuliko kukaa bure, wakafua, wakamwagilia mchicha wa Bi Zamda mpaka ukaomba radhi. Mzee Samweli alikuwa akizunguka majiko akitokwa na jasho kuliko maharage.

Walipofunua, mabishano yalianza kabla mvuke haujatawanyika. Bi Najiat alibonyeza moja akasema ya kisima ni laini zaidi. Mwanamke wa Cheyo akasema yako sawa. Asnath akasema ya koki ndiyo yameiva ila ya kisima yana ladha. Wakaonja tena, wakaonja mpaka sufuria zikaisha, na jibu halijapatikana. Wakakubaliana kurudia Jumamosi ijayo, safari hii kwa kunde, na kila mmoja akajaza ndoo ya kwenda kujipimia nyumbani kwake asije akadanganywa.

Bi Zamda alivuta kamba ya kisima aone imelowa hadi wapi. Alilazimika kuivuta kwa muda kabla ya kufika palipolowa.

"Kunde nitaleta mimi," Mzee Samweli akasema, akipangusa shingo kwa kofia.

"Zako utakuwa umeshazichemsha," Bi Zamda akamwambia. "Atakuja nazo Najiat."